Herufi O si Sifuri: Jinsi Madai ya Bima Yanavyokatwa

Ripoti ya madai ya mwezi uliopita imerudi kutoka mfuko wa bima na makato, na mstari wa juu kabisa ni wa mama aliyejifungua salama ambaye hatukulipwa hata senti. Mtoto yupo, mkunga yupo, faili lipo. Aliyejaza fomu aliandika 080 badala ya O80. Sifuri imekaa mahali pa herufi.

Mimi ni karani wa madai katika hospitali moja hapa Tabora mjini. Daktari akishatibu, naandika alichofanya kwa lugha ambayo mfuko wa bima unaielewa. Lugha hiyo ni misimbo. Midomoni tunasema "kodi", yaani "code" ya Kiingereza, na wageni hudhani tunazungumzia kodi za TRA, mamlaka ya mapato.

Misimbo iko ya aina mbili, na wengi huichanganya. Kwanza ni ya ugonjwa, inayotoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10. Huanza na herufi, kisha tarakimu: I10 ni shinikizo la juu la damu, O80 ni kujifungua kwa kawaida, B54 ni malaria ambayo aina ya kimelea haikutajwa. Pili ni ya huduma: kumuona daktari, kipimo, dawa, kitanda. Hii ni ya mfuko wenyewe, na kila mmoja una bei kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko hulipia. Msimbo wa ugonjwa hauna bei. Kazi yake ni kueleza kwa nini huduma ilitolewa.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mhakiki, yaani mtu wa mfuko anayekagua madai, hamjui mgonjwa. Anajua karatasi tu. Akikuta dawa mseto ya malaria chini ya R50.9, yaani homa isiyojulikana chanzo, anakata dawa. Masika fomu za namna hii hunijaa mezani. Daktari huandika homa, anampeleka mgonjwa maabara, majibu yanatoka chanya, dawa inatolewa, na hakuna anayerudi kubadilisha ile homa kuwa malaria. Tiba ilikuwa sahihi. Karatasi ndiyo iliyobaki nyuma.

Makosa mengine ni ya hesabu, na moja ni langu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta cheti cha dawa ya presha: 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, kisha 1/12. Nikadai vidonge 12. Kumbe namba ya chini ni kipimo cha muda: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Mgonjwa alikuwa ameondoka na vidonge 30 vya mwezi mmoja. Mfamasia alinicheka wiki nzima, na mpaka leo akiniona husema, "Moja kwa kumi na mbili, vipi?"

Kuna pia kudai kitu kimoja mara mbili. FBP, picha kamili ya damu, tayari ina kiwango cha hemoglobini (Hb) ndani yake. Ukiandika FBP halafu Hb pembeni kwa sampuli ileile, moja itakatwa, na ni haki ikatwe. La hatari zaidi ni ada ya kumuona daktari, kwa sababu bei ya bingwa ni kubwa kuliko ya daktari wa kawaida. Bingwa akiwa safarini, mgonjwa akaonwa na daktari mwingine, na dirishani bado wakachagua "bingwa" kwa mazoea, mfuko hauoni mazoea. Unaona udanganyifu. Hapo mimi na mfuko tuko upande mmoja.

Anayelipa taslimu hana mhakiki wa kumtetea. Omba mchanganuo kabla ya kutoa hela: kumuona daktari kiasi gani, kila kipimo kiasi gani, kila dawa idadi na bei yake. Jumla peke yake haikwambii kitu.

Juzi alikuja mwalimu mstaafu, kadi mkononi, amekasirika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, kadi yangu hai, mbona naambiwa ninunue dawa?"

Kadi ilikuwa hai kweli. Dawa aliyoandikiwa ndiyo haikuwemo kwenye kitita. Kitita kilibadilika tarehe 1 Machi 2024, na tangu hapo sipendi kujibu kwa kukariri. Nafungua orodha mbele ya mgonjwa tuione wote. Nikaenda na cheti kwa daktari kumuuliza kama ipo nyingine ya kazi ileile iliyomo. Ilikuwepo. Akabadilisha, akasaini pembeni, dirisha la dawa likampa.

Mzee alishafika karibu na lango, chini ya mwembe, nilipoona fomu yake. Nikamkimbilia na kalamu. Sehemu ya saini ya mgonjwa ilikuwa tupu.