Kudundisha flashi: maana yake, na mahali isipofaa

Kudundisha flashi ni kugeuza kichwa chake kisimwelekee unayempiga picha, bali kielekee dari au ukuta mweupe, ili mwanga ugonge pale kwanza ndipo umfikie. Kinachobadilika ni ukubwa wa eneo linalommulika. Kioo cha flashi kina upana wa sentimita chache tu. Kikimpiga mtu moja kwa moja kutoka mita 3, kivuli chake kinachoreka ukutani kwa kingo kali, na jasho la paji la uso linatoka doa jeupe lisilo na rangi ya ngozi. Kikigonga dari iliyo mita 1.5 juu ya kamera, kinawasha duara la karibu mita 2, na duara hilo ndilo linalogeuka kuwa taa yako. Kivuli kinalainika, mng'ao unatawanyika usoni, na ngozi nyeusi inabaki na wekundu na udhahabu wake.

Ndiyo maana anayeanza, kabla ya kufikiria mwavuli, stendi au softiboksi, anunue kwanza flashi ya juu ya kamera ambayo kichwa chake kinainuka na kuzunguka. Ile iliyojengwa ndani ya kamera mara nyingi haigeuki, na nguvu yake ni ndogo: nyingi zina GN (namba ya nguvu ya flashi) ya 12 hivi, yaani kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga) na tundu la lenzi f/4 zinafika mita 3 tu. Hesabu yenyewe ni GN kugawa kwa tundu, unapata umbali. Tahadhari na boksi lililoandikwa GN 60: kipimo hicho mara nyingi huchukuliwa kichwa kikiwa kimevutwa (zoom) hadi 200 mm, yaani mwanga umebanwa ufike mbali. Ukikirudisha 35 mm, ambayo ndiyo ya kudundishia, namba inashuka sana, pengine hadi 36 hivi.

Chukua sebule au ukumbi mdogo wenye dari nyeupe ya jipsamu, urefu mita 3 kutoka sakafuni, mtu akiwa mita 3 mbele yako. Weka kamera katika hali ya mkono (M), unapochagua namba mwenyewe: ISO 800, f/4, spidi ya shata 1/125. Flashi nayo iwe ya mkono, nguvu 1/4, kichwa kimeinuliwa nyuzi 45. Piga, tazama uso. Uso ukitoka na giza panda hadi 1/2. Ukitoka umeungua, yaani mweupe kupita kiasi, shuka hadi 1/8. Spidi ya shata usiiguse kwa ajili ya uso, kwa sababu mlipuko wa flashi ni mfupi kuliko muda ambao shata iko wazi. Spidi inatawala taa za ukumbi: 1/60 inaziingiza zaidi kwenye picha, 1/200 inazififisha. Ukivuka 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, utepe mweusi unakata picha, maana shata haijafunguka yote wakati flashi inalipuka.

Kosa linaloharibu picha nyingi za harusi na kipaimara ni kuinua kichwa wima kabisa huku umemsogelea mtu. Mwanga unamshukia utosini, macho yanageuka mashimo meusi, na pua inatupa kivuli mdomoni. Ukiwa karibu, zungusha kichwa kielekee dari iliyo nyuma ya bega lako, au ukuta mweupe ulio ubavuni. Ukuta wa ubavuni ndio tunaoupenda zaidi: mwanga unaingia kama wa dirishani, shavu moja linang'aa na la pili linafifia polepole, uso unapata umbo. Kama ni lazima upige wima, funga karatasi nyeupe ya ukubwa wa kiganja nyuma ya kichwa cha flashi kwa rababendi, ichomoze juu yake; itatupa mwanga kidogo mbele na kuamsha macho.

Rangi ya ukuta nayo inasafiri na mwanga. Vyumba vingine vya Kigoma na Tabora vimepakwa kijani, bluu au waridi, na ukidundisha hapo ngozi inachukua rangi hiyo. Kurekebisha baadaye kwenye kompyuta ni kazi ngumu, kwa sababu taa za chumba zina rangi yake na flashi imekuja na nyingine. Wapambaji wa kumbi wakitandaza vitambaa vyeupe darini, wamekufanyia kazi nusu. Wakitandaza vya zambarau, tafuta ukuta.

Halafu kuna kumbi na makanisa yasiyo na dari: kenchi za mbao, juu yake mabati. Hapo kudundisha kunashindwa, na sababu ni umbali. Hata dari ikiwa nyeupe, ikipanda hadi mita 6 safari ya mwanga inakua kutoka mita 4 hivi hadi zaidi ya 9, na mwanga unaobaki ni kama moja ya tano. Ile 1/4 iliyotosha sasa inadai zaidi ya nguvu yote. Ukilazimisha 1/1 kila picha, betri nne za AA zinachoka, flashi inachelewa kujaa, picha ya pete inatoka nyeusi, na mwishowe flashi inajizima kwa joto. Tumia betri za kuchaji za NiMH, beba seti mbili za akiba, panda hadi ISO 1600 au 3200, fungua tundu f/2.8, na uwasogeze watu karibu na ukuta mweupe. Ukuta usipokuwepo, elekeza flashi moja kwa moja kwa nguvu ndogo na ushushe spidi hadi 1/60 ili taa za ukumbi zisaidie.

Ukitumia TTL, yaani kamera ikipima mwanga na kuiamulia flashi nguvu yenyewe, jua kwamba shela nyeupe ikijaa fremu kamera inadhani mwanga umezidi na kuupunguza. Ongeza mwanga wa flashi kwa +2/3 hadi +1. Suti nyeusi zikijaa, punguza kiasi hichohicho.

Nje hakuna cha kudundishia. Kile kikombe cha plastiki cheupe kinachovalishwa flashi hufanya kazi ndani, kwa sababu kinarusha mwanga kwenye kuta zote. Uwanjani kinamwaga nguvu hewani tu. Chini ya miembe ya Tabora saa sita mchana, elekeza flashi usoni, TTL ikiwa -1 hadi -2, inatosha kuondoa giza la macho na ukijani wa majani. Ufukweni Kigoma jioni, jua linazama upande wa ziwa, kwa hiyo anayepigwa picha maji yakiwa mgongoni anakuwa gizani. Hapo ndipo mwavuli mweupe unapostahili gharama: ISO 100, f/5.6, 1/200, flashi kwenye stendi na triga (kifaa cha kuilipua bila waya), mita 1.5 kutoka kwake, ubavuni kidogo na juu ya usawa wa macho, uanze na 1/2. Mguu mmoja wa stendi uelekee upande upepo unakoelekea, na jaza mfuko mchanga wa pale pale, kama kilo tano, uuning'inize chini, kwa kuwa mwavuli ukishika upepo wa ziwa unaiangusha flashi kifudifudi.