Ngozi ya mtoto mchanga: jua si dawa ya manjano

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila wiki kwenye kliniki ya mama na mtoto hapa Mombasa. Mengine mepesi. Moja linanikosesha usingizi, na hilo nitalijibu zaidi ya mara moja.

Mwanangu ana siku tatu, ngozi inabambuka. Nifanye nini?
Usifanye kitu. Ngozi yake ni nyembamba, na ile ya juu hubambuka yenyewe. Msimsugue. Ule utando mweupe aliozaliwa nao muacheni nao, na kuoga kungoje angalau saa 24.

Nimpake nini?
Mafuta ya nazi kidogo, yasiyotiwa manukato wala kafuri. Poda hapana, humwingia mapafuni. Wanja hapana, hata wa nyusi; mwingine una madini ya risasi. Kitovuni, dawa uliyopewa hospitali tu. Mate na majivu, jamani, basi!

Ana vipele vidogo shingoni na kifuani.
Ni joto. Kaskazi imeshika, mtoto kavishwa fulana, sweta, soksi na kofia ya sufi, juu yake leso mbili! Mvue, abaki na nguo moja nyepesi ya pamba. Vikitunga usaha, mlete siku hiyo hiyo.

Amegeuka manjano. Nyanya yake anamtoa juani kila asubuhi. Si itaisha?
Jua si dawa ya manjano. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, ile rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga bado halina nguvu ya kuiondoa upesi. Kwa wengi hupungua yenyewe. Ikizidi huingia ubongoni, na mtoto huweza kubaki kiziwi au mlemavu maisha yake yote. Jicho haliwezi kupima imefika wapi; hupimwa. Mlete leo.

Akiwa manjano kabla ya kutimiza saa 24, au viganja na nyayo zimegeuka, au hanyonyi vizuri na haamki, usingoje kuche.

Mbona hata hospitali mnawaweka kwenye mwanga?
Kweli, na wazo lilianzia juani. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mmoja aliyependa kuwatoa watoto nje aliona ngozi iliyopigwa na jua imepungua umanjano, iliyofunikwa shuka bado. Nampenda muuguzi yule. Lakini kilichofuata ni taa maalumu, kwa sababu jua halipimiki na huunguza ngozi. Dakika kumi kibarazani, mtoto kavaa nguo na kofia, hazimtibu. Zinakupotezea siku. Narudia: jua si dawa ya manjano.

Lakini sijatoka arubaini.
Arubaini ni ya kukupumzisha wewe, mama. Haikusudiwi kumfungia ndani mtoto mgonjwa. Vaa buibui lako, panda tuktuk, nenda naye, maana atataka kunyonya. Ninaowapokea wamechelewa wametoka vyumba vya mapazia mazito, ambamo hakuna aliyeona rangi ya mtoto mpaka nyayo zikawa kama binzari. Msogeze dirishani kila siku, umbonyeze ncha ya pua kwa kidole, uachie, utazame kama pana umanjano. Kama ni mweusi, angalia ufizi na weupe wa macho.

Nguo za kaka yake zilikuwa kabatini na naftalini. Nimvishe?
Usimvishe. Harufu ya vile vidonge vyeupe huweza kuvunja damu ya mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), nao si haba hapa pwani, hasa kwa wavulana. Tupa vidonge. Nguo zifuliwe na zianikwe mpaka harufu iishe. (Hilo ndilo jua ninalolitaka.)

Nimpe maji ya glukosi yasafishe manjano?
Hapana. Ziwa lako tu, mara 8 hadi 12 kwa siku.

Hospitalini watamfanya nini?
Watamtoa damu kidogo, wapime bilirubini. Ikiwa juu atalazwa chini ya taa, amevuliwa nguo, amebaki na nepi na macho yamezibwa, utamtoa kumnyonyesha. Ikiwa juu kupita kiasi, hubadilishwa damu. Beba kitabu cha kliniki, na uwaambie mapema kama kundi lako la damu ni O au Rhesus hasi.