Hita ya trela ya kwanza: kabla hujagusa swichi, fuata maji

Simu iliingia Jumamosi saa nne usiku. "Shem, hita ya hii trela ni mbovu. Nimewasha dakika arobaini nzima, maji bado baridi kama ya kisimani." Nikamuuliza swali moja tu: umewasha swichi ipi? Akanijibu kwa kujiamini, "Zote mbili." Nikafumba macho. Nilijua kuna kifaa ambacho muda huo kilikuwa kimeshakufa, na yeye hana habari.

Mimi ni fundi wa trela za kambi, zile nyumba ndogo zinazokokotwa na gari, huku Minnesota, Marekani. Msimu wangu unaanza theluji ikishayeyuka, watu wanapozitoa trela walizozilaza tangu vuli. Wengi wa wanaonipigia ni watu wenye trela ya kwanza, wamenunua kwa mtu, wakakabidhiwa funguo na maelezo ya dakika tano. Wote wanalalamikia hita, lakini nikifika nakuta mara nyingi hita haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba maji hayapiti ndani yake.

Sisi tuliokulia nyumbani tunajua ile hita ya umeme inayofungwa kwenye bomba la mvua: maji yanapita, yanapata moto hapo hapo, yanakumwagikia. Ya trela haiko hivyo. Ni tangi dogo, kwa kawaida la galoni 6, yaani kama lita 23, limekaa nyuma ya kimlango cha bati upande wa nje. Linapashwa kwa gesi, na kwenye trela nyingi pia kwa koili ya umeme wa volti 120 iliyochomekwa ndani ya tangi. Kila njia ina swichi yake. Hata ukitumia gesi unahitaji betri ya volti 12, kwa sababu ndiyo inayopiga cheche na kufungua valvu ya gesi. Betri ikilala, hata mtungi ukiwa umejaa utaoga baridi.

Sasa kwa nini maji yasipite? Sababu ni baridi ya huku. Januari hapa inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yaliyobaki kwenye bomba yakiganda yanalipasua. Kwa hiyo kila vuli tangi la hita linamwagwa, na mabomba yote yanajazwa dawa ya waridi ya kuzuia kuganda. Hiyo ni ya propilini glaikoli, usije ukatia ile ya kwenye rejeta ya gari, ambayo kwa kawaida ni sumu. Hakuna anayetaka kupoteza lita 23 za dawa ndani ya tangi, ndiyo maana nyuma ya hita kumewekwa njia ya pembeni inayoruka tangi na kuunganisha bomba la baridi moja kwa moja na la moto. Kwa Kiswahili chetu huo ni mchepuko. Najua mnacheka. Lakini yule aliyetuambia michepuko siyo dili, tubaki njia kuu, ni kama alikuwa anaongea na wenye trela. Vuli unafungua mchepuko, masika unasahau kuufunga. Ukifungua koki ya maji ya moto yanatoka vizuri, kwa nguvu zote, na wewe unaamini tangi limejaa. Kumbe ni kavu.

Hapo ndipo lilipo kosa la shemeji. Koili ya umeme imetengenezwa kukaa ndani ya maji, nayo inategemea maji kuuondoa moto wake. Ukiiwasha hewani inaiva nyekundu na kukatika, tena haichukui muda. Yeye aliiacha dakika arobaini.

Jumapili alfajiri nikaingia barabarani kuelekea Itasca, ile hifadhi ambayo mto Mississippi unaanzia, ukiwa kijito unachoweza kukivuka kwa kukanyaga mawe. Nilimkuta amekaa nje na watoto, mama mkwe wangu kajifunika blanketi mbili, amekuja kutembea kutoka Tanga. Nilipoamkia, "Shikamoo mama," akaitikia kisha akauliza kwa upole kama kweli watu wa huku wanalipa pesa kuja kulala porini.

Kwanza nilizima swichi zote mbili. Nikainua ubao chini ya kitanda, nikamulika kwa tochi. Kulikuwa na koki tatu: moja kwenye bomba la baridi linaloingia tangini chini, moja kwenye la moto linalotoka juu, na ya tatu katikati, kwenye mchepuko. Kanuni ya kuzisoma ni rahisi: mkono wa koki ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikata bomba, imefungwa. Hizi zilikuwa kinyume kabisa na zinavyotakiwa. Nikaifunga ya katikati, nikafungua ya chini na ya juu. Papo hapo tukasikia maji yakiingia tangini, sauti kama ya kujaza pipa.

Wengi huishia hapo, wakarudi mbio kwenye swichi. Ngoja kwanza. Nenda jikoni ufungue koki ya moto uiache. Itakohoa, iteme hewa, itoe maji yenye rangi kidogo ya waridi, ikohoe tena. Ikishatiririka mfululizo bila kukatika, tangi limejaa. Ukitaka uhakika zaidi, nenda nje, fungua kimlango cha bati, inua kidogo mkono wa ile valvu ya usalama iliyo juu ya tangi. Yakitoka maji, umemaliza ubishi. Fanya hivyo tangi likiwa baridi tu. Likiwa la moto utajiunguza mkono.

Kuna trela zenye koki moja badala ya tatu, zikisaidiwa na kivalvu cha kuzuia maji yasirudi. Hicho hunasa mara kwa mara, na dalili yake ni kwamba koki ya moto inatoa maji kidogo sana wakati ya baridi inatoa vizuri.

Baada ya maji ndipo tunagusa gesi. Mtungi ufungue polepole. Pale mpira wa gesi unapofungwa kwenye mtungi kuna kizuizi kinachobana gesi ikitoka ghafla, na ukiuzungusha kwa pupa kinadhani bomba limekatika, unabaki na gesi ya kuwashia mshumaa. Halafu washa jiko la ndani kwanza, moto usimame vizuri, ili hewa iliyolala kwenye mabomba majira yote ya baridi itoke hapo. Ukisikia harufu ya gesi na jiko halijawaka, usitafute chanzo kwa kiberiti: toa watu nje, kafunge mtungi, usiguse swichi yoyote ya ndani.

Nikawasha swichi ya gesi. Taa ndogo nyekundu ikawaka, nje ikasikika tik-tik-tik ya cheche, kimya, kisha tena. Haikushika. Mifano mingi hujaribu mara tatu kisha inajifunga na kuiacha taa imewaka, na hapo ndipo watu huanza kuagiza vifaa vipya mtandaoni. Mimi nilizima, nikachungulia kwenye lile bomba linalopeleka gesi kwenye moto. Ndani kulikuwa na nyumba ya nyigu, udongo mkavu, imebana kama kizibo. Buibui nao wanapapenda hapo. Nikasugua kwa brashi ndefu ya kuoshea chupa, nikapuliza hewa. Mara ya pili ikashika kwa mvumo, na moto ulikuwa wa buluu. Ukiona wa njano unaoyumba na kuacha masizi, bado kuna kitu kimeziba au hewa haitoshi, izime.

Dakika ishirini na tano baadaye jikoni maji yalikuwa na moto wa kuridhisha, bafuni vuguvugu. Shemeji akaniangalia kama nimemuuzia mimi hiyo trela. Nikazunguka nje hadi kwenye bomba la mvua la nje, lile la kuoshea miguu yenye mchanga. Shemeji alilizima kwa kitufe kilicho kwenye kichwa cha bomba, akaacha koki zote mbili, ya moto na ya baridi, zimefunguka. Hapo maji ya baridi yanavuka kupitia koki hizo na kuingia kwenye bomba la moto, tena hata tone halidondoki nje kukuonyesha. Nikazifunga. Bafu likapona bila spana.

Koili ndiyo haikupona. Nilichomoa waya mkubwa wa umeme wa trela, nikapima. Koili ya wati 1440 kwenye volti 120 inavuta ampea 12, kwa hiyo mita inatakiwa isome omu 10 hivi. Yake haikusoma chochote, waya wa ndani umekatika. Wiki iliyofuata tuliibadilisha nyumbani kwake. Kazi si ngumu: unazima kila kitu, unaacha tangi lipoe kabisa, unafunga maji, unatoa presha kwa valvu ya usalama, ndipo unafungua kizibo cha chini. Ukifungua tangi la moto lenye presha, unajirushia maji yanayounguza usoni.

Tulipofungua hicho kizibo ilitoka fito nyembamba iliyoliwa hadi imebaki kama waya wa seng'enge, ikifuatiwa na vipande vya chokaa. Shemeji alidhani tumevunja kitu. Fito hiyo inaitwa anodi, na kazi yake ni kuliwa: kutu inaishambulia yenyewe badala ya chuma cha tangi. Matangi ya kampuni ya Suburban ni ya chuma kilichopakwa kauri ndani, yanaihitaji, na fito ikishaliwa robo tatu unaweka mpya. Matangi ya kampuni ya Atwood ni ya alumini, hayana anodi, yanafungwa kwa kizibo cha plastiki. Kwa hiyo angalia maandishi ya hita yako kabla hujanunua, usimwige jirani. Kwenye Suburban nyingi swichi ya umeme hujificha kule kule nje, kwenye kona ya chini nyuma ya kimlango, ndiyo maana kuna watu wana koili nzima na hawajawahi kuitumia.

Kuhusu kusubiri: kupandisha lita 23 kutoka nyuzi 15 hadi 60 kwa koili hiyo ni dakika 50 hivi. Gesi inachukua karibu nusu ya muda huo. Ukiwasha vyote viwili, unapata haraka zaidi, alimradi tangi lina maji, shem, kama unasoma hapa. Kwa kuoga, hesabu dakika sita au saba za mvua ukichanganya na baridi, kisha mwenzako asubiri. Jipake sabuni koki ikiwa imefungwa.

Jioni ile Itasca, maji yalipokubali, watoto waliingia mmoja mmoja wakapiga kelele kwa furaha. Mama tukamwachia zamu iliyofuata, maji yamepashwa upya, nikamweleza koki ya moto ni ipi na ya baridi ni ipi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akamgeukia mwanawe: "Hamna ndoo humu?" Ilipatikana ya kuoshea matairi, ikasuguliwa, ikajazwa nusu moto nusu baridi. Alioga kwa kikombe cha chai, na alipotoka bado tangi lilikuwa na maji ya kutosha kwa watu wawili.