Diwani hagawi tenda
Vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, hadithi ni ile ile: nyumba ya mwalimu ikivuja, diwani anampa shemeji yake tenda ya kuezeka. Kisheria, diwani hayumo kwenye Bodi ya Zabuni, inayoidhinisha nani apewe tenda. Bodi huteuliwa na Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za halmashauri. Madiwani hupitisha bajeti na kusimamia. Siku hizi zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulioanza 2023. Na bei ya chini peke yake haitoshi kushinda (hili nalo watu hulikataa): kwanza huangaliwa usajili wa mkandarasi, kisha kama anachoahidi ndicho kilichoombwa, tuseme bati la geji 28 na mbao zilizotiwa dawa, ndipo bei. Sisemi upendeleo haupo. Ila anayetaka kuuchunguza aanzie kwa walioandika vipimo vya kazi na waliotathmini zabuni.