Ubudha ni nini? Tuanze na neno "dukkha"

Watu wengi wakisikia jina Buddha hukumbuka kile kisanamu cha mzee mnene, upara unang'aa, kitambi kiko wazi, anacheka. Huyo siye. Yule ni Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Buddha mwenyewe. Buddha alikuwa mtu wa nyanda za mto Ganga, kaskazini mwa Bara Hindi, mtawa wa kutembea kwa miguu aliyekula mara moja tu kwa siku.

Tena "Buddha" si jina, ni sifa. Limetokana na mzizi "budh" wa Kisanskriti na Kipali, lugha za kale za India, wenye maana ya kuamka. Buddha ni aliyeamka. Jina lake la kuzaliwa ni Siddhartha Gautama, wa jamii ya Washakya. Mapokeo mengi yanaweka maisha yake kati ya mwaka 563 na 483 KK, ila wataalamu wengi wa leo wanamsogeza mbele, kifo chake kikiangukia karibu na mwaka 400 KK. Mahali alipozaliwa hapana ubishi mkubwa: ni Lumbini, katika Nepal ya sasa. Mwaka 1896 ilitambuliwa pale nguzo ya mawe ya Ashoka, mfalme wa India ya kale, na maandishi yake yanasema kwamba mfalme alifika mwenyewe kwa kuwa hapo ndipo alipozaliwa Buddha, na kwamba kwa heshima hiyo kijiji kile kilipunguziwa kodi ya mavuno hadi sehemu moja ya nane.

Baba yake, Suddhodana, alikuwa mtawala. Mapokeo yanasema alimlea kijana ndani ya anasa asione shida, mpaka siku alipotoka nje akakutana na mzee aliyepinda mgongo, mgonjwa, maiti inapelekwa kuchomwa, na mtawa aliyetulia. Akiwa na miaka 29 aliondoka usiku, akamwacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga, Rahula. Kila nikifika hapo nasita. Si jambo jepesi, na wasimuliaji wa kale nao hawakulifanya jepesi. Baadaye Rahula alimfuata baba yake na kuwa mtawa.

Kwa miaka sita alijitesa kwa njaa. Katika simulizi moja anaeleza mwenyewe kwamba alikonda hadi akigusa ngozi ya tumbo anashika uti wa mgongo. Hakupata alichokitafuta. Akaanza kula tena, akaketi chini ya mti mmoja wa jamii ya mkuyu, mahali paitwapo leo Bodh Gaya, na hapo, akiwa na miaka 35, akaamka. Kisha akaenda Sarnath, karibu na Varanasi, kuwafundisha watawa watano waliokuwa wenzake wa mfungo. Mafundisho ya siku ile ndiyo kiini cha Ubudha hadi sasa.

Alianza na neno moja: dukkha.

Mara nyingi hutafsiriwa "mateso", na hapo ndipo watu wanapoipotosha dini hii, wakadhani inasema maisha ni kilio kitupu. Mateso yamo ndani yake, ndiyo: kuzeeka, kuugua, kufa. Lakini Buddha aliongeza kukutana na usichokipenda, kutengana na unachokipenda, na kutaka kitu usikipate. Wapo wanaolifafanua neno hili kwa gurudumu la mkokoteni ambalo tundu lake la kupitishia mhimili halikutobolewa katikati. Mkokoteni unakwenda, mzigo unafika, lakini safari nzima unakurusha. Mimi naona "kutokaa sawa" kunalikaribia kuliko "mateso". Hata furaha imo ndani ya dukkha, kwa sababu haikai. Umenunua simu mpya: wiki ya kwanza unaifuta kwa kitambaa laini na kuilaza kwa adabu, mwezi wa sita unaitupa kitandani huku ukiitazama ya jirani.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu lake ni tanha, neno la Kipali ambalo maana yake ni kiu tu, kiu ile ile ya maji. Kiu ya starehe, kiu ya kuendelea kuwa, na hata kiu ya kutoweka. Atakaye kuijua kiu hiyo amfikirie mtu wa baharini anayekunywa maji ya chumvi.

Kisha anasema kiu inaweza kukoma. Kukoma huko ndiko kunakoitwa nirvana, na hapa naomba msomaji asifikirie Pepo wala mahali popote. Neno lenyewe linamaanisha kuzimika, kama moto unavyozimika. Kinachozimika ni uchu, chuki na ujinga wa kutoona mambo yalivyo. Ipo pia "upadana", inayobeba maana mbili kwa pamoja: kung'ang'ania, na kuni. Aliyewahi kupika jikoni kwa mafiga ataelewa mara moja. Ukitaka moto ulale, unavuta kuni nje.

Tabibu naye hufanya hivyo hivyo: anaitaja homa, anatafuta chanzo, anasema kama inapona, kisha anaandika dawa. Kweli Nne za Ubudha, yaani dukkha, chanzo chake, kukoma kwake na njia ya kufikia huko, zimepangwa kwa mtindo huo, na dawa yake ni Njia ya Sehemu Nane, inayogusa namna ya kuona mambo, kunuia, kusema, kutenda, kutafuta riziki, kujitahidi, kuwa mwangalifu na kutuliza akili. Sehemu ya riziki inanivutia kwa sababu haikuachwa hewani. Muumini wa kawaida amekatazwa kuuza silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu.

Njia hii huitwa ya kati, na maana yake inaonekana kwa Sona, mtawa aliyekuwa akitembea huku akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, akakata tamaa. Kabla ya utawa alikuwa hodari wa kupiga vina, ala ya nyuzi kama udi. Buddha alimuuliza kuhusu nyuzi zile: zikikazwa mno je? Zikilegea mno je? Sona alijua jibu kwa vidole vyake.

Lakini simulizi ninayoirudia zaidi ni ya mwanamke aitwaye Kisa Gotami. Mwanawe wa pekee alikufa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama alikataa kuamini. Akambeba kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba akiomba dawa, na watu wakamwona amerukwa na akili. Mwishowe akaelekezwa kwa Buddha, naye akamwambia alete punje za haradali, ila zitoke katika nyumba ambayo hajafa mtu. Haradali kila nyumba ilikuwa nayo, na kila nyumba ilikuwa tayari kumpa. Akiuliza la pili, hapa amekufa baba, pale mume, pale binti. Kufikia jioni alikuwa amesikia misiba ya mji mzima. Akaenda kumlaza mwanawe makaburini, kisha akarudi, na hakuwa tena na dawa ya kuomba. Buddha hakuwa amemhubiria kwamba kila kilichopo kinapita. Alimtuma akabishe hodi.

Mengine niyataje kwa ufupi. Ubudha haufundishi Mungu muumba, na Buddha hakudai kuwa mungu wala mtume. Unafundisha kwamba hakuna ndani ya mtu kitu kimoja kisichobadilika cha kuitwa "mimi". Na karma, ambayo mitaani hutumiwa kama kisasi cha ulimwengu, kwake yeye ni nia: tendo linapimwa kwa kilichokuwa moyoni wakati wa kulitenda, na matokeo yake yanavuka hata kifo na kuingia maisha mengine.

Alifundisha kwa miaka 45, akafa katika mji wa Kusinara, kaskazini mwa India, akiwa na miaka 80. Maneno yake yalibebwa kwa kukaririwa vizazi kwa vizazi, mpaka yalipoandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 KK. Ashoka ndiye aliyeyapa mbawa. Baada ya kuiteka nchi ya Kalinga, katika vita ambavyo maandishi yake mwenyewe yanasema viliua watu 100,000, alijuta hadharani na kuiunga mkono dini hii. Kutoka India ilikwenda Sri Lanka, Myanmar na Thailand, ambako leo linafuatwa tawi la Theravada. Na tawi la Mahayana likaenea China, Korea, Vietnam na Japani, huku Tibet ikikuza mkondo wake.

Afrika Mashariki nako ilifika. Mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo karibu na Entebbe mwaka 2005. Zamani zaidi, mwanzoni mwa karne ya 20, Wasinhala kutoka Sri Lanka waliokuja kufanya kazi Dar es Salaam walijenga hekalu Upanga. Uwanjani mwake umeota mti wa bodhi, wa aina ile ile aliyoketia Siddhartha kule Bodh Gaya. Jani lake lina umbo la moyo, na ncha ndefu nyembamba kama mkia. Kikonyo chake ni chembamba pia, kwa hiyo upepo mdogo tu wa baharini unatosha kuyachezesha majani yote.