Je, wajua? Ukijizuia kupiga kura kikaoni, kura yako inaangukia wapi

Juzi kwenye kikoba chetu tulihudhuria 20 kati ya wanachama 30, hoja ni kushusha riba ya mkopo toka asilimia 10 iwe 5. Mikono ya ndiyo 10, ya hapana 5, na watano wamekaa kimya mikono mapajani. Mwenyekiti akatangaza imepita, mara katibu akafungua katiba ya kikundi akasoma: "zaidi ya nusu ya wajumbe waliohudhuria". Waliohudhuria 20, zaidi ya nusu ni 11. Hoja ikaanguka palepale, kelele zikaanza, eti 10 inashindwaje na 5?

Kumbe yote inategemea nusu ya nini. Katiba ikisema wengi wa kura zilizopigwa, aliyenyamaza anatolewa kwenye hesabu, zinabaki 15 na hoja inapita. Ikisema waliohudhuria, yumo kwenye hesabu ila kwenye ndiyo hayumo, kwa hiyo ni kama kapiga hapana. Na ikisema wanachama wote, hapo hata aliyebaki nyumbani anauguza mtoto anaivuta hoja chini, zingetakiwa 16.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa wanatumia hiyo ya kwanza. Tarehe 2 Machi 2022 walipoitaka Urusi itoe majeshi Ukraine, 141 walisema ndiyo, 5 hapana, 35 wakajizuia zikiwemo Tanzania, Uganda na Burundi, na theluthi mbili ikatafutwa kwenye kura 146 tu. Baraza la Usalama ni tofauti, kati ya wajumbe 15 lazima zipatikane ndiyo 9, ila mwenye kura ya turufu, yaani ya kulizuia azimio peke yake, akijizuia haihesabiki kuwa ameitumia, ndo maana azimio la Libya la Machi 2011 lilipita kwa kura 10 wakati Urusi na China zimejizuia.

Bunge la Kenya nalo, mambo ya kawaida yanaamuliwa na wengi wa waliopo na wanaopiga kura, lakini kubadili katiba wanataka theluthi mbili ya wabunge wote, na Tanzania ibara ya 98 iko hivyohivyo. Hapo mbunge akijizuia, asijidanganye kwamba hayupo upande wowote.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, wengi wanaisahau. Anayejizuia bado yupo ukumbini kwa hiyo anahesabiwa kwenye akidi, anayetoka nje kwa kawaida hahesabiwi, ndo maana wanaotaka kukwamisha kikao huwa wanatoka badala ya kunyamaza.

Turudi kikobani. Baada ya kikao mama mmoja kati ya wale watano akanifuata pembeni, akasema yeye alinyamaza asije akamuudhi mtu, lakini mkopo anao na riba alitaka ishuke. Nikamwambia mama, tulikuwa 10, tulikosa mkono mmoja tu. Akanyamaza kidogo, akauliza kikao kijacho lini.