Mipaka ya Wilaya na Kodi ya Majengo: Kwa Nini Ubaguzi wa Rangi Haujaondoka katika Shule za Umma za Marekani

Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa sababu ya rangi yao ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo, ijulikanayo kama Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliondoa katika elimu kanuni iliyodumu tangu 1896, ambayo iliruhusu weupe na weusi wapewe huduma zilizotenganishwa mradi huduma zenyewe zidaiwe kuwa sawa. Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba mambo yaliishia hapo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuzielewa shule za Marekani za leo hana budi kuzisoma kwa makini zaidi hukumu nyingine mbili, ya 1973 na ya 1974, kwa kuwa ndizo zilizoamua hukumu ya Brown ingefika wapi.

Utekelezaji ulianza kwa kusuasua. Mahakama yenyewe, iliporudi kwenye suala hilo mwaka 1955, haikuweka tarehe ya mwisho, na majimbo ya Kusini yaliutumia mwanya huo ipasavyo. Kaunti ya Prince Edward katika jimbo la Virginia ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili watoto weusi wasisome na weupe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo iliyobadilisha hali, kwa sababu iliipa serikali ya shirikisho uwezo wa kuzinyima fedha shule zinazobagua. Mwaka huo, huko Kusini, takriban watoto weusi 2 tu kati ya 100 walisoma katika shule zenye weupe wengi. Kufikia 1988 walikuwa zaidi ya 43. Maendeleo hayo yanafaa kukumbukwa kila mara mtu anapodai kwamba sheria haiwezi kubadilisha jambo kama hili.

Ni katikati ya safari hiyo ndipo ilipokuja kesi ya Edgewood. Hii ilikuwa wilaya ya shule, yaani eneo linaloendesha shule zake za umma na kuzitoza kodi mali za humo ili kuzigharimia, katika jiji la San Antonio, Texas, ambako wanafunzi takriban 90 kati ya kila 100 walikuwa na asili ya Meksiko na wengine zaidi ya 6 walikuwa weusi. Mwaka 1968 wazazi wakiongozwa na Demetrio Rodriguez walifungua kesi kupinga utaratibu wa kugharimia shule kwa kodi ya majengo na ardhi ya wilaya husika. Takwimu zilizowekwa mbele ya mahakama zinastahili kusomwa polepole. Wakazi wa Edgewood walijitoza senti 105 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao, kiwango cha juu kuliko wilaya nyingine zote za eneo hilo, na kodi hiyo ikawapatia dola 26 kwa kila mwanafunzi. Wakazi wa Alamo Heights, wilaya ya matajiri na weupe wengi katika eneo hilo hilo la jiji, walijitoza senti 85 wakapata dola 333. Hata baada ya kuongezwa fedha za jimbo na za shirikisho, mtoto wa Edgewood alitengewa dola 356 na yule wa Alamo Heights dola 594.

Tofauti haikutokana na wazazi kutojali elimu, dai ambalo bado linasikika kila mjadala huu unapoibuka. Waliokuwa maskini ndio waliojitwisha mzigo mkubwa zaidi, ila nyumba zao zilikuwa na thamani ndogo. Thamani hiyo nayo ina historia. Tangu miaka ya 1930 mashirika ya serikali ya shirikisho yalichora ramani zilizoitaja mitaa ya weusi na ya wahamiaji kuwa ya hatari kwa mikopo, na serikali ikakataa kudhamini mikopo ya nyumba humo huku ikiidhamini kwa wingi katika vitongoji vya weupe. Kwa hiyo, shule inapogharimiwa kwa thamani ya nyumba, ubaguzi wa mikopo wa miongo iliyopita hulipwa na mtoto aliyeko darasani leo.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliikataa hoja ya wazazi ikisema kwamba elimu si haki iliyotajwa katika Katiba ya shirikisho. Mapambano yalilazimika kuhamia katika mahakama za majimbo. Texas kwenyewe, Mahakama ya Juu ya jimbo ilitamka mwaka 1989 kwamba utaratibu huo unavunja katiba ya jimbo.

Hukumu ya 1974 ilihusu mipaka. Huko Detroit, mahakama ya chini ilikuwa imekubali mpango wa kuchanganya wanafunzi wa jiji, ambao wengi walikuwa weusi, na wa wilaya 53 za vitongoji vya weupe. Mahakama ya Juu, tena kwa tofauti ya jaji mmoja, iliuzuia mpango huo kwa sababu vitongoji havikuthibitishwa kuwa vilibagua. Matokeo yake ni rahisi kuyaona: familia iliyotaka kukwepa shule za mchanganyiko ilihitaji tu kuhama na kuvuka mpaka wa wilaya. Thurgood Marshall, aliyekuwa wakili wa wazazi katika kesi ya Brown na ambaye sasa alikuwa jaji wa mahakama hiyo, alipinga hukumu zote mbili kwa maandishi.

Ndani ya shule zenyewe, dalili iliyo wazi zaidi ni adhabu. Ripoti ya mwaka 2018 ya Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayofanya ukaguzi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2013–14 wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma lakini takriban asilimia 39 ya waliosimamishwa masomo, na pengo hilo lilionekana katika shule za maskini na za wenye uwezo vilevile. Makosa kama ukaidi hutegemea sana macho ya anayehukumu. Ndiyo maana jimbo la California, kuanzia 2015, lilizuia shule kuwasimamisha watoto wa chekechea hadi darasa la tatu kwa kosa hilo, na baadaye likapanua katazo hilo kwa madarasa ya juu.

Suala la walimu halitenganishwi na hilo. Shule za weusi zilipofungwa baada ya 1954, walimu na wakuu wa shule weusi takriban 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kufikia 1965. Katika mwaka wa masomo wa 2020–21 walimu weupe walikuwa asilimia 80 na weusi asilimia 6, ilhali wanafunzi weupe hawafiki nusu.

Mzazi aliye na mtoto katika shule hizi anaweza kuanza na takwimu. Wizara ya Elimu ya Marekani hukusanya na kuweka wazi takwimu za haki za kiraia za kila shule, zikiwemo za adhabu kwa rangi. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa taarifa muhimu za shule katika lugha anayoielewa, na hapaswi kulazimika kumtumia mwanawe kama mkalimani. Akiamini kwamba mtoto amebaguliwa kwa rangi au asili yake, anaweza kuwasilisha malalamiko katika Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara hiyo, bila malipo na bila kuhitaji wakili, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio. Ni vyema ahifadhi barua zote za shule na kuandika tarehe, majina ya waliohusika na maneno yaliyosemwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa malalamiko huchunguzwa kwa ushahidi.